Kitabu na Ufagio: Niliyojifunza Katika Chuo Kidogo

Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu, bwana shamba mstaafu, katika mkutano mkuu wa mwaka, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi.



   Zamani nilikuwa nikisimama katika bwalo hili kwa sababu moja tu, nayo ni kupanga foleni ya ugali nikiwa na sahani mkononi.

Ndugu Mwenyekiti, katika barua yako uliniomba niwaeleze vijana habari za kusoma katika chuo kidogo cha bweni huko ng'ambo. Nilikubali bila kusita. Kisha nikaletewa ajenda ya mkutano wetu, nikaona jambo la sita: pendekezo kwamba chama kichange fedha za kuajiri watu wa kufagia, kufyeka, kudeki na kuosha vyombo, ili wanafunzi wasifanye kazi hizo tena, bali wapate muda zaidi wa kujiandaa kwa mtihani. Nikajiambia kwamba mambo haya mawili ni jambo moja. Kwa hiyo nitasema kwanza hilo uliloniomba, na mwishoni, kwa ruhusa yako, nitaligusa hilo la sita.

Nilimaliza kidato cha sita hapa mwaka 1984, nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa, na mwezi wa Agosti 1986 nikapanda ndege kwenda Marekani. Ninyi vijana hamkuiona miaka ile. Sabuni ilikuwa ya kutafutwa na sukari ilikuwa ya foleni. Nauli yangu ilitokana na mchango wa ukoo mzima kule Muheza, pamoja na ng'ombe wawili wa mjomba wangu. Niliondoka na sanduku moja na cheti changu cha mtihani, na kwa kweli nilikuwa nakionea fahari cheti kile kupita kiasi.

Chuo chenyewe kinaitwa Berea. Kipo katika jimbo la Kentucky, kusini ya mji wa Lexington, pale ambapo nchi ya tambarare inakutana na milima ya Appalachia. Ni chuo cha wanafunzi wapatao 1,500 tu. Katika nchi ambayo vyuo vikuu vyake vingine vina wanafunzi 40,000 na zaidi, hicho ni sawa na kijiji. Karibu wote hukaa katika mabweni ya chuo, hula katika bwalo moja, na hujuana kwa majina. Ukikosa darasani asubuhi, mchana mwalimu wako anakukuta kwenye njia ya maktaba, anakuuliza kama unaumwa. Hapakuwa na mahali pa kujificha, ndugu zangu.

ELIMU YA MTU HURU

Elimu inayotolewa katika vyuo vya namna hiyo ina jina la asili ya Kilatini, artes liberales, yaani maarifa yanayomfaa mtu huru. Katika shule za Ulaya ya zamani maarifa hayo yalihesabiwa kuwa saba: sarufi, mantiki, ufasaha wa kusema, hesabu, jiometri, elimu ya nyota na muziki. Siku hizi orodha ni ndefu zaidi, lakini shabaha ni ile ile. Hapa kwetu, kijana akiingia Chuo Kikuu kusoma sheria, husoma sheria tangu siku ya kwanza. Kule, miaka miwili ya mwanzo unapitishwa katika mengi: historia, sayansi, fasihi, dini, sanaa, hesabu. Baadaye ndipo unachagua somo lako kuu, na miaka minne ikiisha unapata shahada. Mimi nilichagua biolojia, kwa kuwa hapa nilisoma fizikia, kemia na biolojia. Lakini nilisoma pia historia ya Marekani, na nikafundishwa kusikiliza muziki wa watu ambao sijawahi kuwaona. Mwanzoni niliona napotezewa wakati. Nitawaeleza baadaye jinsi nilivyobadilisha fikira.

Hata hivyo jina lile, maarifa ya mtu huru, lina kasoro moja. Watu wa kale walipolitunga, mtu huru alikuwa ni yule mwenye watumwa wa kumlimia, kumpikia na kumwoshea vyombo. Yeye akae asome. Kwa maana hiyo elimu na kazi ya mikono vilitenganishwa tangu zamani sana, na mpaka leo wengi wetu tunaamini kwamba aliyesoma hapaswi kushika ufagio.

Sasa sikilizeni habari za chuo kile, maana kilianzishwa na mtu aliyeuchukia utumwa. Aliitwa John Fee. Alizaliwa Kentucky mwaka 1816, na baba yake mwenyewe alikuwa na watumwa. Fee akawa mchungaji, akahubiri kwamba utumwa ni dhambi, na baba yake akamnyima urithi. Tajiri mmoja aliyepinga utumwa, Cassius Marcellus Clay, ndiye aliyempa kiwanja. Jina hilo wengi mnalijua bila kujua mnalijua: bondia Muhammad Ali, mzaliwa wa Louisville katika jimbo lilo hilo, alipewa jina hilo utotoni, akilirithi kwa baba yake, na baba yake alikuwa amepewa jina la tajiri yule. Shule ya chumba kimoja ilianza mwaka 1855. Mwaka 1859 watetezi wa utumwa wakamfukuza Fee na walimu wenzake. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe wakarudi, na katika mwaka wa masomo wa 1866 hadi 1867 walikuwa na wanafunzi 187: weusi 96 na weupe 91, katika nchi iliyokuwa ya watumwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Wito wa chuo, uliotoka katika Biblia, ni kwamba watu wote wa dunia ni wa damu moja.

Wanafunzi wa Berea walikuwa, na mpaka leo ni, watoto wa maskini. Tangu mwaka 1892 hakuna anayetozwa ada ya masomo. Mali nyingi iliyoachwa kwa wasia na watu wema imewekwa akiba, na faida yake ndiyo inayoendesha chuo. Lakini kuna sharti moja. Kila mwanafunzi, awe nani, lazima afanye kazi si chini ya saa 10 kwa wiki. Wengine hupika, wengine hulima, wengine hufuma nguo, huhudumu katika hoteli ya chuo, hukaa maktaba au hufundisha wenzao. Kazi hiyo hulipiwa kidogo, na tena hupewa alama kama somo.

MASUFURIA

Ndugu Mwenyekiti, mimi nilipangwa jikoni, kuosha masufuria. (Kicheko.)

Mnacheka, lakini mimi sikucheka. Mimi niliyekuwa wa pili katika mchepuo wangu! Masufuria yenyewe mtoto wa miaka sita angeweza kukaa ndani. Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo wa milima ile, mwenye maneno machache. Siku ya kwanza alilichukua sufuria langu, akaligeuza, akanionyesha chini. "Umeosha ndani," akasema, "na sisi tunaosha sufuria zima." Mwisho wa muhula alinipa alama ya chini. Nilikuwa sijapata kupewa alama ya chini kama ile katika jambo lolote maishani mwangu, na haki ilikuwa upande wake.

Nilipoandika barua nyumbani, nilimwambia mama kwamba nimepewa kazi ofisini. Nikapiga picha mbele ya maktaba nikiwa nimevaa tai, nikaituma. Mama akaizungusha kijiji kizima. Mwaka uliofuata Mtanzania mwenzetu mmoja aliyekuwa akisoma jimbo jingine alikuja kunitembelea, akanikuta nimefunga aproni, mikono imejaa povu. Alipokwenda likizo Tanga alipita Muheza kuwasalimu wazee, akaeleza alichokiona, bila ubaya wowote. Nikapata barua. Mama hakujua kuandika, alimwandikisha mdogo wangu. Ilikuwa na mistari michache: hawajambo, mvua imenyesha, mjomba anasalimu. Mwisho akasema, "Hapa nyumbani ulikuwa ukiosha masufuria na hatukukucheka. Hayo ya Wazungu yana aibu gani hata utudanganye?"

Nilikaa na barua ile siku nyingi. Nilijiuliza aibu ile niliitoa wapi, maana nyumbani sikufundishwa. Jeshini tulilima na kufyatua matofali, lakini tulifanya kwa filimbi, na kila mmoja alihesabu siku zilizobaki. Nikarudi nyuma zaidi, nikafika hapa shuleni. Ndugu zangu mliosoma nami mtakumbuka. Aliyechelewa gwaride, akafyeke. Aliyesema darasani, akadeki choo. Aliyefeli jaribio, shambani Jumamosi. Kwa miaka sita niliona kwa macho yangu kwamba kalamu ni zawadi na jembe ni adhabu. Hakuna aliyetamka maneno hayo, ila mtoto huelewa.

Kule hakuna mwanafunzi aliyetumwa kufagia kwa sababu amekosa. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika darasa letu la kemia ndiye aliyedeki vyoo vya bweni letu, na ulikuwa ukivikuta vinang'aa. Mwaka wangu wa pili nilihamia karakana ya fagio, ambayo chuo kimekuwa nayo tangu mwaka 1920. Fagio zile hutengenezwa kwa mashuke marefu ya aina fulani ya mtama usiolimwa kwa chakula. Unayapanga mashuke, unayafunga kwa uzi mgumu huku mpini ukizunguka, unayashona, unayakata yawe sawa. Ufagio wangu wa kwanza ulifumuka. Wa ishirini hivi uliuzwa. Ninao mmoja nyumbani mpaka leo, na mke wangu ananikataza kuutumia asije akaniona nalia. (Kicheko.)

MWENZANGU WA CHUMBA

Lakini kazi ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa chumbani.

Nilipangwa chumba kimoja na kijana mweupe aliyetoka wilaya ya machimbo ya makaa ya mawe, mashariki ya jimbo. Yeye hakuwa amewahi kukaa na Mwafrika, na mimi sikujua kama kuna Mzungu maskini. Baba yake alikuwa mchimbaji, na vumbi la makaa lilikuwa limemharibu mapafu, hata kupanda ngazi za nyumba yake kulimshinda. Niliwahi kwenda kwao siku za mapumziko. Tulikula maharage na mkate wa mahindi, nikajisikia niko Muheza. Kijana yule watu wa mijini walimcheka kwa lafudhi yake, na mimi walinicheka kwa lafudhi yangu, kwa hiyo tukawa ndugu.

Katika somo la historia tulipewa kuandika juu ya sheria iliyopitishwa Kentucky mwaka 1904. Sheria hiyo ilikataza weusi na weupe kusoma katika shule moja, na kwa kweli ilikilenga chuo chetu, kwa sababu ndicho pekee katika jimbo kilichokuwa kikiwachanganya. Chuo kikashtakiwa, kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na mwaka 1908 kikashindwa. Majaji saba waliikubali sheria, wawili wakapinga, mmojawapo John Marshall Harlan, mwenyeji wa Kentucky hiyo hiyo. Wanafunzi weusi wakaondoka. Chuo kikasaidia kupata fedha za kujenga shule yao nyingine, Lincoln Institute, iliyofunguliwa mwaka 1912 karibu na Louisville. Weusi hawakurudi Berea mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1950. Swali la mwalimu lilikuwa hili: je, chuo kilifanya haki kutii na kuendelea na weupe peke yao, au kilipaswa kufunga milango?

Mimi nilifanya nilivyozoea hapa. Nilitafuta kitabu kizuri, nikakinakili kwa mwandiko safi, kurasa nane. Zikarudi bila alama. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni: "Kitabu hiki nilikwisha kukisoma. Wewe uko wapi?" Aliniita ofisini kwake, akanieleza kwamba kuchukua maneno ya mtu na kuyaweka chini ya jina langu ni wizi, na kwamba kwa kuwa sikujua, ananipa wiki moja niandike tena. Sikuwa nimepata kuona aibu kama ile. Hapa nilisifiwa kwa kukumbuka maneno ya watu wengine. Hakuna aliyewahi kuniuliza niko wapi.

Usiku ule nikamweleza mwenzangu. Tukaanza kubishana. Mimi, mtu mweusi, nilikitetea chuo. Nikasema kwamba kama kingefunga milango mwaka 1904, mwaka 1950 pasingekuwa na mlango wa kufungua, na watoto wa milimani nao wangebaki bila shule. Nilidhani nimemaliza. Yeye akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Bibi yangu alisoma hapa miaka ile. Ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kujua kusoma vizuri. Mimi nipo hapa kwa sababu yake. Lakini nafasi ile aliyokalia ilikuwa ya mtu aliyefukuzwa." Tulikaa kimya. Saa nane za usiku bado tulikuwa macho.

Siku ya tatu yake tulilileta jambo lile darasani. Tulikuwa wanafunzi 14 kuzunguka meza moja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukaa bila kusema. Binti mmoja mweusi kutoka Alabama alituambia sote wawili kwamba tunazungumza juu ya chuo na juu ya bibi, lakini hatujawataja kwa neno hata moja wale vijana waliopanga mizigo yao wakaondoka. Mwalimu hakutoa jibu. Niliandika upya kurasa sita, zote za kwangu, na nilipata alama ya wastani. Naziona bora kuliko zote nilizowahi kupata.

Ndugu Mwenyekiti, nimelieleza jambo hili kwa urefu makusudi. Katika chuo kikubwa ningeweza kulisikia somo lile pamoja na watu mia tatu, nikaandika, nikaondoka. Katika chuo kidogo cha bweni somo linakufuata mezani, linakufuata jikoni, linalala nawe chumbani. Unalazimika kuishi na mtu ambaye umempinga mchana, na asubuhi unamwazima sabuni.

Nisiseme kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Mahali padogo pana umbeya wake. Ukigombana na mtu, utamwona mara tatu kwa siku. Masomo mengine tuliyoyataka hayakuwepo, na maabara zetu zilikuwa za kawaida. Tena nje ya chuo Marekani ilikuwa ile ile Marekani. Katika mji mmoja wa mbali mwenye duka alinifuata nyuma toka rafu moja hadi nyingine mpaka nilipotoka. Damu moja ilikuwa wito wa chuo, haikuwa sheria ya kila duka.

NILIPORUDI

Nilirudi mwaka 1990, nikaajiriwa kuwa bwana shamba, na mwaka uliofuata nikapelekwa Lushoto. Kazi yangu ilikuwa kuwashauri wakulima wa milima ya Usambara wazuie mmomonyoko wa udongo. Biolojia yangu ilikuwa safi. Nikawaeleza wazee habari za matuta, wakanisikiliza kwa adabu, wakaniita mwanangu, wakanipa chai, na hawakuchimba hata tuta moja. Mwenzangu mmoja akasema ni wakaidi.

Nikakumbuka meza ile ya watu 14. Badala ya kuwahubiria tena, nikawauliza wazee kwa nini. Ilichukua siku nyingi. Ndipo wakanieleza habari ambazo ningepaswa kuzijua kabla ya kupanda milima ile. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta kwa amri, na asiyechimba alishtakiwa. Mashamba ni miteremko mikali, kazi ilikuwa nzito, na watu waliogopa kwamba ni njia ya kunyang'anywa ardhi. Waliupinga mpango ule mpaka ukaachwa. Kwa hiyo nilipotamka neno matuta, mimi nilisema udongo, wao walisikia faini. Tulianza upya na majani ya malisho na miti, kila mtu akichagua pa kupanda, nami nikishika jembe pamoja nao. Miaka miwili baadaye mzee mmoja alichimba tuta kwa hiari yake, kisha jirani yake akafuata.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba somo la historia halikunipotezea wakati. Na jembe pia. Kama ningekaa kando na karatasi mkononi, wasingenisikiliza kabisa.

Wapo wakubwa kuliko mimi waliopita katika vyuo vidogo kama hivyo. Wangari Maathai wa Kenya alipata shahada yake ya biolojia mwaka 1964 katika chuo kidogo cha watawa huko Atchison, Kansas, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kazi iliyoanza na miche ya miti. Kofi Annan wa Ghana alimaliza Macalester, Minnesota, mwaka 1961, kabla hajawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Na elimu hii haihitaji kuvuka bahari tena. Patrick Awuah, Mghana aliyesoma Swarthmore, chuo kingine kidogo cha Marekani, alirudi kwao akaanzisha Ashesi mwaka 2002.

Vijana, kama mnataka kuomba nafasi katika vyuo hivyo, someni maelekezo ya chuo chenyewe, andikeni maombi kwa maneno yenu wenyewe, na msimpe fedha mtu anayedai kuwa anaweza kuwauzia nafasi. Zaidi ya hayo, msiulize tu chuo kina jina gani. Ulizeni: mwalimu atanijua? Nitakaa na nani? Nitafanya kazi gani?

JAMBO LA SITA

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nafika kwenye ajenda. Waliotoa pendekezo ni rafiki zangu, na wana hoja. Nimewauliza vijana jana jioni. Pampu ya maji ni mbovu, na wengine hubeba ndoo toka mtoni saa mbili nzima kila siku. Huko si kufundishwa kazi, huko ni kuchoshwa. Hapo nakubaliana na wenzangu moja kwa moja.

Lakini kuajiri watu wa kuwafagilia vijana na kuwaoshea sahani nakupinga. Tukifanya hivyo tutakuwa tumerudi kwa wale watu wa kale: mmoja asome, mwingine aoshe. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakutaka shamba la shule liwe kambi ya adhabu. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua kazi yao, wajifunze ndani yake. Tulichukua jembe tukaacha maneno hayo mengine, kisha tukalilaumu jembe.

Kwa hiyo naleta marekebisho matatu. Kwanza, fedha zitakazochangwa zitengeneze pampu. Pili, kuanzia muhula ujao kazi za mikono zisitumike tena kuwa adhabu shuleni hapa. Kila kazi iwe na mwalimu wake, ipangwe pamoja na wanafunzi, ipewe alama, na walimu wenyewe waonekane wameshika fagio angalau mara moja kwa wiki. Tatu, muda utakaookolewa na pampu usimezwe wote na mazoezi ya mtihani. Mara moja kwa wiki vijana wakae kumi na wanne kumi na wanne kuzunguka meza, wapewe swali ambalo halina jibu nyuma ya kitabu, na mwalimu amwulize kila mmoja: wewe uko wapi? Mwanachama mmojammoja aje kukaa nao kwa zamu. Mimi najitolea kuwa wa kwanza.

Ndugu zangu, mama yangu alifariki mwaka 1998. Ile picha ya tai aliitunza sandukuni. Lakini ukutani alitundika nyingine, niliyomtumia baada ya barua yake. Ndani yake nimesimama jikoni na aproni yangu, nimeshika sufuria limegeuzwa, chini juu, ili aone kwamba nimeosha na nje.

 Chakula cha mchana kikiisha, nitakuwa pale nyuma ya bwalo, kwenye karo la vyombo. Atakayependa kuendelea na mazungumzo anikute huko, aje na kitambaa. (Makofi.)